Anza Kliniki Kabla Tumbo Halijaonekana

Wanawake wengi Tanzania huanza kliniki mimba ikiwa imefika miezi minne au mitano. Mmoja huficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu, mwingine humngoja mume arudi safari. Yupo pia aliyekwisha kuzaa watoto watatu salama, naye haoni haraka ya nini. Hudhurio la kwanza lakini hutafuta matatizo ambayo yakikutwa mapema hutibika, na yakichelewa huwa yamekwisha kumdhuru mama au mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12.

Kabla ya kutoka nyumbani

Ulizia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu hupokea wajawazito wapya siku gani, kwani vituo vingi vimetenga siku zake. Fika asubuhi. Hudhurio hili ni refu kuliko yanayofuata, kwa hiyo beba maji na kitu cha kula. Chukua kadi ya mimba iliyopita kama unayo, karatasi za hospitali, na dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Kwa sera ya afya ya Tanzania, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi. Hata hivyo weka akiba kidogo, maana kipimo au dawa ikikosekana utaelekezwa kwingine.

Mwenza wako akiweza, nendeni pamoja. Mama akitibiwa kaswende peke yake, anaweza kuambukizwa tena na mwenzake ambaye hakutibiwa. Asipopatikana, usikae nyumbani kumsubiri. Mahali pengine mama aliyekwenda peke yake huombwa barua ya serikali ya mtaa au kijiji, basi uliza mapema usije ukasumbuka.

Maswali utakayoulizwa

Muuguzi mkunga atataka kujua tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kwa tarehe hiyo ndipo anapokadiria siku ya kujifungua: huongeza siku saba, kisha hurudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Mei inakupa makisio ya tarehe 17 Februari. Makisio haya yakiwa sahihi, baadaye itajulikana kama mtoto anakua vizuri au amepitiliza siku zake.

Atakuuliza pia hii ni mimba ya ngapi, kama kuna iliyoharibika au kutolewa, kama ulishafanyiwa upasuaji, kama una kisukari, presha, pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo. Ataulizia pombe, sigara, na usalama wako nyumbani. Sema kweli, hata jambo ambalo mumeo hajui. Omba kuzungumza faragha. Kama unakula udongo, usione haya kumwambia. Udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na huzuia mwili kufyonza madini chuma.

Vipimo na sababu zake

Utapimwa uzito, urefu na presha. Kwa kawaida presha ya mjamzito hushuka kidogo katikati ya mimba, kisha hupanda tena kuelekea mwisho. Kwa hiyo mwenye presha ya siku nyingi akianza kliniki mwezi wa tano, anaweza kuonekana hana tatizo. Aliyepimwa mapema ana namba ya kulinganishia. Ikifika 140/90 au zaidi, utafuatiliwa kwa karibu.

Damu hupimwa kwa mambo kadhaa. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11 una upungufu, na kuuongeza huchukua wiki nyingi, si siku mbili kabla ya uchungu. Kundi la damu hujulikana mapema ili damu ikihitajika ghafla isitafutwe kwa kubahatisha. Malaria huweza kukaa mwilini bila homa. Kaswende huweza kumuua mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini huitibu. Kwa VVU, bila matibabu watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama akitumia dawa ipasavyo, huwa chini ya 5. Majibu yako ni siri yako. Mkojo nao hupimwa protini, sukari na maambukizi.

Mimba ikiwa changa, mkunga hatasikia mapigo ya moyo wa mtoto kwa kile kipimo chake cha umbo la tarumbeta. Husikika vizuri kuanzia karibu wiki ya 20, basi usiingiwe na hofu. Ultrasaundi moja kabla ya wiki 24 inashauriwa. Uliza inapatikana wapi.

Utakachopewa

Utapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini chuma na foliki asidi, vya kumeza kila siku. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Vikikuletea kichefuchefu, meza usiku, na usivimeze kwa chai, kwani chai hupunguza nguvu yake. Utachomwa sindano ya pepopunda, inayomlinda na mtoto atakapokatwa kitovu, na utapewa chandarua chenye dawa. Vidonge vya SP vya kukinga malaria huanza baada ya wiki 13. Anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwa hiyo mwambie mhudumu.

Kabla hujaondoka

Hakikisha kadi imeandikwa majibu yote na tarehe ya kurudi, na uwe nayo kila uendako. Anza kupanga na mkunga utajifungulia wapi, nani atakusindikiza, na nani atakutolea damu ikihitajika.

Usingoje tarehe ya kliniki ukitokwa na damu ukeni, ukiumwa sana kichwa au tumbo, ukiona maruweruwe, ukivimba uso na mikono, ukipata homa kali au degedege, au mtoto akiacha kucheza. Nenda kituoni saa hiyo hiyo. Usafiri ukiwa shida, piga 115 bila malipo, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Kama hukuona siku zako mwezi huu, nenda wiki hii. Na kama mimba imeshafika miezi saba hujaanza, nenda vivyo hivyo, hata ukihofia kukaripiwa. Bado kuna damu ya kupima, presha ya kushusha, na safari ya kujifungua ya kupanga.