Kuutambua Mkarafuu Mgonjwa Kabla Haujanyauka

Mkarafuu mkubwa ukipatwa na maradhi ya kifo cha ghafla, yaletwayo na kuvu, majani hugeuka manjano, hupukutika, na mti hukauka katika muda mfupi. Mkulima akiyaona manjano hayo kutoka chini, mti ule hauokoki tena. Kinachobaki ni kuugundua ugonjwa mapema, na hapo ndipo droni inapofaa.

Jani zima hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga ulio karibu na infraredi, ambao jicho letu haliuoni. Jani lililoanza kukosa maji au kushambuliwa hurudisha mwanga huo kwa uchache, hata kama bado ni la kijani. Droni yenye kamera ya mianga hiyo miwili huionesha tofauti hiyo kwenye ramani.

Kwa droni, kisiwa cha Pemba hakianzii sifuri. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), walianza kupiga picha visiwa vyote vya Zanzibar kwa droni, na vijana wa Zanzibar wakafunzwa kuzirusha. Picha za zamani zina thamani kubwa: bila kujua shamba lilikuwaje jana, doa la leo kwenye ramani halina maana.

Wakulima, mkitaka kurusha droni, ombeni kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mjulisheni sheha wa eneo lenu. Rusheni karibu na adhuhuri, siku yenye mwanga usiobadilika-badilika. Vilima vya Pemba ni vingi, kwa hiyo droni ifuate mwinuko wa ardhi, la sivyo miti ya bondeni itaonekana midogo. Rudieni safari ileile, kwa kimo kilekile, kila baada ya wiki kadhaa.

Lakini msikate mti kwa sababu ya ramani. Doa laweza kuwa mchwa shinani, ukame, au matawi yaliyovunjwa wakati wa kuchuma. Nalo jeraha la tawi ndilo mlango wa kuvu wa aina nyingine, wenye kufisha matawi kuanzia nchani. Nendeni mkaukague mti wenyewe pamoja na bwana shamba: kwangueni gome, chimbeni pembeni ya shina, tazameni mizizi. Tawi lililokufa likatwe mpaka kwenye sehemu isiyo na ugonjwa, lichomwe moto, na msumeno usafishwe kabla haujagusa mkarafuu wa pili.