SOMO: NYANYA ZA TAA NA SAA ZA MFANYAKAZI



Leo tunatazama nyanya zinazolimwa ndani ya nyumba za vioo kwa mwanga wa taa. Wenzetu wa mashamba ya maua wameshaona taa za usiku, hivyo jambo hili si geni sana.

Twende Leamington, jimbo la Ontario, Kanada. Huko mwezi wa Desemba ni baridi kali, na mchana una saa 9 tu. Kwa mwanga huo nyanya hazizai vizuri. Kwa hiyo matajiri wamefunga taa kubwa juu ya mimea, nyingine za wati 1,000, na mmea hupata mwanga saa 16 hadi 18 kwa siku. Nyanya huvunwa hata theluji ikianguka.

Mbona hawawashi saa 24, wauze zaidi? Wataalamu walishajaribu. Nyanya ikinyimwa giza, majani yake hugeuka manjano na mavuno hayaongezeki. Basi kila siku taa huzimwa, mmea upumzike. Tajiri habishi, maana hasara ni yake.

Sasa mtazameni mtu anayezichuma. Wengi hutoka Jamaika na Mexico, kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 1966. Mkataba wao haupiti miezi 8 kwa mwaka. Unataja siku ya saa 8, lakini mwajiri anaweza kuomba zaidi. Nani atakataa ombi la mtu anayeweza kumrudisha kwao? Tena sheria ya kazi ya Ontario haiwawekei wafanyakazi wa mashamba kikomo cha saa, wala malipo ya juu kwa saa za ziada. Sheria ya mwaka 2002 inawaruhusu kuungana na kupeleka malalamiko, lakini haimlazimishi mwajiri kufunga nao mkataba wa pamoja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada iliiacha sheria hiyo isimame.

Taa zikishafungwa, jua haliamui tena mwisho wa zamu. Kwa hiyo saa ziandikwe katika mkataba kabla fundi wa umeme hajaja.

Maswali ya kujadili tawini: Shambani kwenu, nani huamua taa zizimwe saa ngapi? Zamu ya usiku inalipwaje, na gari la kurudi nyumbani ni juu ya nani? Mkataba wenu wa pamoja unazitaja taa, au uliandikwa kabla hazijafungwa?