Kabla ya Kuitisha Harambee ya Seli Shina

Mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri ameanza kuangukaanguka, na maneno aliyokwisha kuyajua yanampotea. Daktari bado hajasema kitu, lakini hapa Machakos tayari mtu wa ukoo ametuma kwenye kundi la WhatsApp tangazo la kliniki ya ng'ambo inayodai kutibu ubongo kwa seli shina. Kamati inaundwa, paybill inatafutwa. Ngojeni kwanza.

Mrekodini mtoto kwa simu akitembea, kisha mrudie baada ya wiki kadhaa. Kaeni na nyanya mwandike ukoo mzima: nani aliugua hivi, akiwa na umri gani, watoto gani walifariki wadogo. Nendeni hospitali ya Machakos Level 5 mkaombe rufaa kwa daktari wa neva za watoto Nairobi. Mnachotafuta ni jina la ugonjwa lililothibitishwa kwa vipimo.

Jina hilo ndilo litakaloamua. Kwa ugonjwa wa Huntington, hakuna tiba ya seli iliyoidhinishwa. Kwa lukodistrofia ya metakromatiki, MLD, ipo: Ulaya iliidhinisha Libmeldy mwaka 2020, na Marekani mwaka 2024 kwa jina la Lenmeldy. Seli shina za damu ya mtoto mwenyewe hutolewa, hutiwa jeni isiyo na kasoro, kisha hurudishwa mwilini baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 4.25. Tena inahitaji kuwahiwa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mtoto mwenye MLD, aliyekuwa na miezi 19 wakati huo, alikuwa ametibiwa Manchester, Uingereza. Dadake wa miaka mitatu, mwenye ugonjwa uleule, alikuwa amechelewa.

Kwa hiyo wadogo wa mgonjwa wapimwe mapema, hata kama wanacheza vizuri. Katika MLD wazazi wote wawili hubeba jeni yenye kasoro bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Asilaumiwe mama, wala kwao.

Kliniki ikitumia seli zilezile kwa otizimu, kisukari na maumivu ya mgongo, iacheni. Ikisema ni utafiti, iulizeni namba ya usajili, na mjue kwamba kwa kawaida utafiti halali haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Majibu yao mpelekeeni daktari wenu kabla ya kutuma hata shilingi.

Pesa mlizochanga zianze na vipimo vya wadogo, kisha fiziotherapia na nauli ya kliniki Nairobi. Shamba lisiuzwe kwa sababu ya tangazo.