Sufuria Jikoni: Namna ya Kuitumia na Kuitunza

Neno sufuria limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni jina la shaba ya manjano, kwa kuwa zamani vyombo vya kupikia vya madini vilivyokuwa vikiingia pwani vilikuwa vya shaba. Leo karibu kila mtu wa Homa Bay au Migori atajapo sufuria anakusudia chombo cheupe cha alumini. Jina limebaki, lakini madini yamebadilika, na utunzaji wa madini haya mapya si sawa na ule wa zamani.

Ni ajabu kidogo kwamba wenyeji wa Migori waliishi muda mrefu karibu na shaba bila kupikia ndani yake. Katika mgodi wa Macalder, upande wa Nyatike, shaba ilichimbwa pamoja na dhahabu hata mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Nyumbani, lakini, mboga zilichemshwa katika chungu cha udongo, na alumini ilipofika madukani ndiyo iliyoshika nafasi ya chungu, kwa kuwa ni nyepesi, haivunjiki, na hupata moto upesi.

Alumini ina ngozi nyembamba juu yake, isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo inayoikinga isiliwe. Mambo mawili huiharibu ngozi hiyo: vitu vikali kama ndimu, ukwaju, nyanya na maziwa ya mgando, na vitu vya namna ya magadi. Basi mtu akifikiri atagundua kwamba mapishi ya kando ya ziwa yana vyote viwili. Uji uliochachuliwa hutiwa ndimu au ukwaju. Mboga za kienyeji zenye uchungu, na zile za utelezi, huchemshwa kwa magadi au kwa maji ya majivu yaliyochujwa ili zilainike. Samaki naye hupikwa kwa nyanya nyingi. Magadi yakichemka katika alumini huila waziwazi, na baada ya miezi kadhaa mwenye sufuria huona vishimo vidogo chini yake.

Si lazima mtu aache vyakula hivyo, wala haifai, kwa kuwa ni vyakula vizuri. Linalotakiwa ni kutovilaza ndani ya sufuria. Mboga zikiiva zihamishwe mara moja katika bakuli la enameli au chombo cha udongo. Uji wa kuchacha uachwe uchachuke katika mtungi au chungu, nao uingie katika sufuria wakati wa kupikwa tu. Desturi ya zamani ya kulaza mboga chunguni pamoja na maziwa, na kuzipasha moto tena kesho yake, ilikuwa salama kwa sababu chungu hakiliwi na ukali wa maziwa. Desturi hiyo hiyo ikihamishiwa katika alumini huwa jambo jingine.

Juu ya kusugua, kina mama wengi hawatakubali upesi linalosemwa hapa. Sufuria inayong'aa kama kioo ni sifa ya nyumba, na mke mgeni hutazamwa sufuria zake kabla ya kutazamwa jambo lingine. Nje na isuguliwe hata ing'ae, na masizi yaondolewe, kwa kuwa masizi mengi huchelewesha moto na kumaliza kuni. Lakini ndani haifai kusugua kwa mchanga wala kwa waya wa chuma. Ule weusi unaobaki ndani baada ya kuchemsha maji mara nyingi si uchafu, bali ni ngozi ile ile ya kinga iliyonenepa. Sabuni na kitambaa laini vyatosha. Ugali ukiganda, sufuria itiwe maji na kuachwa kwa muda, na ukoko utatoka wenyewe kwa mwiko wa mti.

Jambo zito zaidi ni asili ya sufuria yenyewe. Mafundi wa jua kali huyeyusha vyuma chakavu, kama vile vipande vya injini, redieta na vyombo vilivyotoboka, na kusubu sufuria nzito zenye bei nafuu. Kazi yao ni ya ustadi na yastahili heshima. Lakini katika vyuma hivyo huweza kuwamo risasi, na risasi haionekani wala haina ladha. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwao, na zaidi ya theluthi moja vilionekana vyaweza kumdhuru mtu kwa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hapana kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, nayo huwadhuru zaidi watoto wadogo, kwa kupunguza uwezo wao wa kujifunza. Kwa hiyo uji wa mtoto na maji ya kunywa yafaa yachemshwe katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka, hata kama nyumba ina moja tu ya namna hiyo. Fundi naye aweza kusaidia sana akitenga redieta na vyuma vya betri visiingie katika kalibu.

Katika machimbo ya dhahabu ya Migori kuna hatari nyingine, nayo haina msamaha. Wachimbaji wengine hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma juu ya kijiko, kikaango au kifuniko cha sufuria, mara nyingine katika moto wa jikoni. Moshi wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni. Chombo kilichotumiwa hivyo kisirudi jikoni kamwe, hata kikioshwa mara saba, wala kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kikaango na karai za chuma hazina matata mengi. Zikaushwe juu ya moto baada ya kuoshwa, zipakwe mafuta kidogo, nazo zitadumu miaka mingi.

Vyombo vya shaba ni haba upande wa ziwani. Mwenye navyo atazame ndani: ikiwa bati limekwisha na shaba nyekundu yaonekana, asipikie kitu chochote chenye ukali, kwa kuwa kutu ya kijani ya shaba huleta kutapika na msokoto wa tumbo. Ampelekee fundi akipake bati upya, bati safi lisilochanganywa na risasi, na baada ya hapo asikiweke motoni kikiwa kitupu, maana bati huyeyuka kwa joto la digrii 232 tu, na jiko la makaa hupita hapo kwa urahisi.