Sanaa Mtaani Port Reitz, Mombasa: Anza na Mama Karai

Wengi wakitaka kuchangamsha mtaa kwa sanaa hukimbilia jukwaa na spika. Mimi nasema uanze na mama karai, yule muuza vya kukaanga. Kama yeye na jirani zake wa madafu na mishkaki hawatauza zaidi siku ya sanaa, Port Reitz haijafaidika. Wape nafasi za mbele, na usiwatoze.

Tazama Unguja. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufunguliwa kwa gwaride: beni mbele, watu nyuma, hadi Forodhani kwenye wauza vyakula. Mwenye duka njiani hupata wateja bila wao kukata tiketi.

Gwaride kama hilo latufaa nasi, ila kwetu kikwazo ni malori ya bandarini. Gwaride lisipite barabara kuu ya uwanja wa ndege. Lipitishe njia za ndani zenye maduka, liishie kiwanjani. Anza baada ya alasiri jua likipoa, na spika zizimwe kabla ya adhana ya magharibi.

Mapema mwone chifu na wazee wa mtaa. Mkuu wa kituo cha polisi (OCS) apate notisi angalau siku 3 kabla, zisizidi 14, ndivyo Sheria ya Utulivu wa Umma inavyotaka. Kibali cha kelele kiombe kaunti.

Sasa ukuta wa kuchorwa, maana ndio utakaobaki watu wakishatawanyika. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Huku kwetu chumvi hutoka ukutani kama unga mweupe. Ukipaka juu yake, picha itabanduka vipande vipande. Kwangua chumvi hiyo kwa brashi ya waya, osha ukuta kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, acha ukauke kabisa, ndipo upake andakoti, kisha rangi ya nje. Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, kabla ya masika.

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Yalipendeza, lakini rangi peke yake haimkalishi mtu. Mbele ya ukuta wako weka kivuli na mabenchi, na watoto wa mtaa wachore sehemu yao; wazazi watakuja kuiona.

Kesho yake fagieni asubuhi, kisha waulize wauzaji walichouza. Andika hesabu hiyo, umpelekee mwakilishi wa wadi (MCA) ukiomba taa za mtaani.