Kubadili Mnyororo wa Baisikeli kwa Wakati Wake

Wapanda baisikeli wengi hungoja mpaka mnyororo ukatike ndipo wanunue mwingine. Katika nchi tambarare kosa hili huleta usumbufu tu, lakini katika vilima vya Nyambene, kama vile pande za Laare, ni hatari. Apandaye kilima na gunia la mahindi nyuma yake huweka uzito wake wote juu ya pedali. Mnyororo ukikatika au ukiruka meno, mguu huteleza ghafula, naye huanguka pamoja na mzigo wake, pengine mbele ya gari.

Watu husema mnyororo umevutika. Kwa kweli chuma chake hakivutiki. Kila kiungo huzunguka juu ya pini ndogo, na vumbi jekundu likichanganyika na mafuta huwa kama msasa, likaila pini na tundu lake. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, mnyororo wote huwa mrefu.

Kuupima hakuhitaji fundi, ila rula ya inchi. Toka katikati ya pini moja hata katikati ya pini ifuatayo ni nusu inchi. Basi nafasi 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Kaza mnyororo, weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, kisha tazama pini ya 25. Ikiwa imepita inchi 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mwingine. Ikiwa imepita kwa thumuni ya inchi, umechelewa: yamkini meno nayo yamelika. Meno yaliyochongoka na kupinda kama kulabu huurusha hata mnyororo mpya, nayo ni ghali kuliko mnyororo.

Wako wanaorudisha gurudumu nyuma na kudhani wameponya ugonjwa. Huondoa ulegevu tu. Nafasi za viungo hubaki zilivyo.

Ufungapo mnyororo mpya, uache ucheze kiasi cha nusu inchi juu na chini. Klipu ya kiungo cha kufungia ina upande mmja ulio wazi na mmoja uliofungika; huu uliofungika na utangulie kule mnyororo uendako, isije ikang'olewa na kijiti njiani.