Kurusha, Kurushisha na Kushua: Msamiati wa Setilaiti Ndogo na Vyombo vya Shehena vya Vituo vya Angani kwa Kulinganisha na Lugha ya Wachimbaji wa Mwakitolyo

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iitwayo 1KUNS-PF, ilitolewa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga ikaanza kuizunguka dunia peke yake. Ilikuwa mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Kiswahili cha kawaida cha habari hulisimulia tukio la aina hii kwa sentensi kama hii:

(1) Kenya imerusha setilaiti.

Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Lakini msomaji akiuliza ni nani aliyerusha, akiwa wapi na kwa chombo gani, sentensi haimjibu, na jibu analolikisia huenda likawa la uongo. Tukio lenyewe lilikuwa na hatua tatu. Tarehe 2 Aprili 2018 roketi ya Falcon 9 iliondoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba chombo cha shehena kiitwacho Dragon. Dragon, ambacho hakikuwa na mtu ndani, kilifika kituoni siku mbili baadaye, na 1KUNS-PF ikapakuliwa pamoja na mizigo mingine. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye setilaiti hiyo ilitolewa nje kupitia Kibo, sehemu ya kituo iliyo mali ya Japani, chini ya mpango wa KiboCUBE unaoendeshwa na Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi -rusha kimebebeshwa vitendo vitatu vilivyo tofauti, na kwamba Kiswahili kinazo nyenzo za kuvitenganisha bila kukopa na bila kubuni istilahi ngeni. Nyenzo hizo ni mnyambuliko wa vitenzi na msamiati wa kazi. Kuhusu msamiati wa kazi tutaichunguza lugha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga. Wachimbaji hao hawana setilaiti. Tunawaendea kwa sababu wamevipa majina vitu vipya vingi kwa haraka kuliko kamati zetu za istilahi, na kwa maoni yetu mara nyingi kwa usahihi zaidi.

2.0 Jambo lenyewe lilivyo

Chombo cha kwanza cha shehena kisicho na mtu kilichohudumia kituo cha angani kilikuwa Progress 1 cha Urusi ya Kisovieti, kilichorushwa tarehe 20 Januari 1978 kwenda Salyut 6. Tangu hapo utaratibu haujabadilika sana. Chombo hupakiwa chakula, mafuta, maji na vifaa. Hufika, hupakuliwa, kisha hujazwa taka za kituo. Progress, Cygnus cha Marekani na Kounotori cha Japani viliundwa ili mwisho wa safari viungue angani pamoja na taka hizo. Dragon hutofautiana navyo kwa kuwa hurudi duniani na mizigo yake.

Utoaji wa setilaiti kutoka kituoni nao si mpya. Mwezi Mei 1982 wanaanga wa Salyut 7 waliisukuma nje Iskra 2 kupitia mlango wa taka wa kituo chao. Katika Kibo kazi hiyo imefanywa kwa mitambo tangu Oktoba 2012: setilaiti hukaa katika kasha, mkono wa mtambo hulitoa kasha nje na kulielekeza chini na nyuma ya kituo, kisha springi huisukuma setilaiti kwa mwendo usiozidi sana ule wa mtu anayetembea kwa miguu.

Jambo la kuzingatia ni hilo la mwendo. Kituo kinakwenda kilomita 7.6 hivi kwa sekunde, kikiwa kilomita 400 hivi juu ya ardhi. Setilaiti imeshapata mwendo huo kabla haijatolewa. Springi haiirushi popote. Inaitenga tu na kituo. Kazi ya kurusha ilikwisha kufanywa na roketi.

Nchi jirani za Kenya zimepita njia hiyohiyo. RWASAT-1 ya Rwanda ilibebwa na Kounotori 8 mwezi Septemba 2019 na kutolewa Novemba mwaka huo. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, ilibebwa na Cygnus tarehe 7 Novemba 2022 na kutolewa tarehe 2 Desemba, pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe. Jina Kibo, kwa bahati, limewapotosha baadhi ya wanafunzi wetu wanaodhani ni heshima kwa Mlima Kilimanjaro. Kwa Kijapani neno hilo lina maana ya tumaini, na kufanana kwake na jina la kilele chetu ni sadfa tupu.

3.0 Mnyambuliko na swali la mtendaji

Kitenzi -rusha ni kauli ya kutendesha ya -ruka. Mtendaji wake ndiye anayesababisha kitu kiruke. Kwa maana hiyo sentensi (1) inadai kwamba Kenya ndiyo iliyosababisha mruko, kama vile mtu anavyorusha jiwe. Tuchukue mfano wa nguo:

(2) a. Asha ameshona gauni.
    b. Asha ameshonewa gauni.
    c. Asha ameshonesha gauni.

Hakuna mzungumzaji anayechanganya sentensi hizi. Katika (2a) Asha ni fundi. Katika (2b) ni mnufaika. Katika (2c) ndiye aliyetoa kitambaa, akaagiza na kulipa. Kwa mfano huo tunapata:

(3) a. Marekani ilirusha roketi.
    b. Kenya ilirushiwa setilaiti.
    c. Kenya ilirushisha setilaiti.

Sentensi (3b) ina kasoro ambayo msomaji ameshaitambua: anayerushiwa mawe hafurahi. Tunaipendelea (3c). Itapingwa kwamba -rushisha ni utendeshi juu ya utendeshi na kwamba masikio hayajaizoea. Ni kweli maumbo ya namna hiyo ni machache, lakini uchache wa matumizi si marufuku ya sarufi, na hapa kuna maana inayolidai umbo hilo.

Tena si maana ya anasa. Mkataba wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya madhara yanayosababishwa na vyombo vya angani unazihesabu kuwa nchi rushi si tu ile inayorusha chombo, bali pia ile inayosababisha kirushwe, ile ambayo ardhi yake imetumika, na ile ambayo mitambo yake imetumika. Kipande kikimwangukia mtu duniani, nchi hizo zinaweza kudaiwa fidia kwa pamoja. Tofauti ya -rusha na -rushisha, ambayo mwandishi wa habari anaweza kuiona kuwa ni uchambuzi wa darasani, imo ndani ya sheria yenyewe. Mwanafunzi wa sheria atakayeufasiri mkataba huo kwa kutumia -rusha peke yake atakuwa ameifuta aina moja ya wadaiwa. Isitoshe, mkataba uliandikwa miaka 10 kabla ya Iskra 2, na haukutenga kitenzi cha kitu kinachoanza safari yake kutoka katika kitu ambacho tayari kimo safarini.

Historia ya pwani yetu inaonyesha upande wa pili wa kioo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, katika Ghuba ya Ungama karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa yetu, lakini setilaiti na roketi havikuwa vyetu. Mwaka 2018 setilaiti ilikuwa yetu, na jina lake likawa herufi za kifupisho cha Kiingereza.

4.0 Kitenzi -shua

Inabaki hatua ya tatu, ya kutoka kituoni. Waandishi waangalifu husema setilaiti "imeachiwa" au "imefyatuliwa". -achia huleta picha ya kitu kilichokuwa kimezuiliwa, kama mahabusu. -fyatua inaafikiana na springi, lakini inataja mtambo badala ya kazi. Iskra 2 haikuwa na springi ya Kibo, ilhali kitendo kilikuwa kilekile.

Watu wa pwani wanacho kitenzi kinachofaa zaidi. -shua ni kukiingiza chombo majini kutoka nchi kavu. Chombo kinachoshuliwa kimekwisha kuundwa na kimekwisha kufikishwa ufukoni. Anayekishua hakirushi. Anakishusha taratibu mpaka kielee chenyewe, na kuanzia hapo si mzigo tena, ni chombo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa 1KUNS-PF: ndani ya Dragon ilikuwa shehena, na nje ya Kibo ikawa setilaiti. Hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili tukijuacho ambacho kinabeba badiliko hilo la hadhi.

(4) Setilaiti ya Rwanda ilishuliwa kutoka Kibo mwezi Novemba 2019.

5.0 Hoja ya bara na ushahidi wa Mwakitolyo

Pingamizi kubwa ni kwamba -shua ni neno la pwani. Msomaji wa Shinyanga, ambaye lugha yake ya kwanza huenda ni Kisukuma na ambaye hajaona jahazi, atalielewaje? Pingamizi hili tulilipima kwa kuitazama lugha ya kazi ya Mwakitolyo.

Shimo la mchimbaji huko huitwa duara, wingi maduara. Umbo la mdomo wa shimo limeupa jina mgodi mzima, hata pale ambapo shimo halina mviringo wowote. Magogo yanayozuia kuta zisiporomoke ni matimba. Mashine ya kuponda mawe ni karasha, neno la Kiingereza lililovikwa irabu na kuingizwa katika ngeli ya li-ya pasipo kikao chochote. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una dhahabu kidogo na huuzwa ili uchenjuliwe tena, ni marudio. Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mwanakamati angeuita mabaki, yaani angetaja kile kitu kilivyo. Mchimbaji ametaja kitakachofanyiwa: kitarudiwa. Ndani ya jina moja mna thamani, biashara na hatua ya kazi inayofuata. Ndiyo sababu tumeikataa -fyatua hapo juu, kwa kuwa jina lililojengwa juu ya kazi hudumu kuliko lililojengwa juu ya mtambo.

Ushahidi mkubwa zaidi ni neno mwalo. Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupokelewa. Kwa wachimbaji wa Shinyanga na Geita mwalo ni mahali mawe yanaposagwa na dhahabu kuoshwa, hata kama ziwa liko mbali. Neno moja linatumika ufukoni na mgodini, na hakuna mchimbaji anayelalamika kwamba mwalo wake hauna mitumbwi. Rubani naye alikuwa mwelekeza vyombo baharini kabla ya kupanda ndege. Kwa upande wa kaskazini, katika migodi ya tanzanaiti ya Mererani, wachimbaji huitwa wanaapolo, jina ambalo watu wengi hulihusisha na vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Ikiwa jina la chombo cha mwezini limeweza kushuka shimoni, hatuoni kwa nini kitenzi cha jahazi kisipande angani.

Aidha, -shua si geni kabisa kwa masikio ya bara, kwa sababu ina undugu wa wazi na -shuka na -shusha. Duarani mtu hushushwa, kamba hushushwa, vifaa hushushwa. Hatari iliyopo ni kwamba msikilizaji atadhani setilaiti iliyoshuliwa imeteremshwa mpaka ardhini. Hatari hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kwanza kasha huelekezwa chini kwa hakika. Pili, hewa hafifu iliyoko kwenye kimo hicho huivuta setilaiti kidogo kidogo, na kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili hivi hushuka na kuungua. Kosa la msikilizaji lingekuwa la kuwahi tu.

Mambo haya yanawahusu watu wa Mwakitolyo kwa njia nyingine pia. Kamera ya PearlAfricaSat-1 ilitangazwa kuwa na uwezo wa kutenganisha vitu vya mita 20 hivi. Nukta moja ya picha ya namna hiyo inafunika mita za mraba 400. Duara halionekani humo. Kinachoweza kuonekana ni eneo lililofyekwa miti kwa ajili ya matimba na maduara mengi kwa pamoja. Siku mgogoro wa ardhi utakapoamuliwa kwa picha kutoka juu, mchimbaji atahitaji kuuliza kwa lugha anayoimiliki: setilaiti hii ni ya nani, nani aliirushisha, na inaona nini. Asiyekuwa na vitenzi vya kuuliza maswali hayo ataonyeshwa picha na kunyamazishwa.

6.0 Jina la chombo cha shehena

Katika nomino tutakuwa wafupi. "Chombo cha mizigo kisicho na watu" ni fasili, si jina. Bandarini kuna tishari, chombo kinachochukua shehena kati ya meli na gati, hakina anasa, hakisifiwi na mtu. Tunapendekeza tishari la anga, wingi matishari ya anga. Ulinganisho una mipaka yake: tishari la bandarini huvutwa, ilhali Progress hujiendesha; tena tishari la bandarini halichomwi moto likishapakuliwa. Lakini kigezo chetu ni kazi, na kazi ni ileile ya kuhudumia chombo kikubwa ambacho hakiwezi kufika nchi kavu. Kwa msamiati huu habari ya mwaka 2018 ingeandikwa hivi:

(5) Kenya imerushisha setilaiti yake ya kwanza. Roketi ya Marekani iliirusha mwezi Aprili ikiwa ndani ya tishari la anga la Dragon, na tarehe 11 Mei ilishuliwa kutoka Kibo, sehemu ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Sentensi mbili zimetosha, na kila nchi imebaki na kitendo chake.